Ukosefu wa Kazi Dar es Salaam: Dawa Iko Njombe na Makambako

Yako maneno ambayo kwa kusemwa mara nyingi huonekana kuwa ni kweli, na watu wakaacha kuyapima. Mojawapo ni neno hili, kwamba mji wa Dar es Salaam umejaa vijana wasio na kazi kwa sababu vijana hao wamelikimbia jembe. Neno hili walilisema Waingereza, ikalisema serikali ya uhuru, na mpaka leo lasemwa na wakubwa kila wapitapo mjini wakawaona vijana wamejaa vibarazani. Sisi twasema kwamba neno hili si kweli, na katika ukurasa huu twakusudia kueleza kwa nini si kweli, na wapi itafutwe dawa.

Atauliza msomaji: sisi watu wa visiwani tuna nini na Njombe? Jawabu liko jikoni kwake. Mbatata zilizomo katika urojo wake nyingi zimelimwa katika baridi ya milima ya kusini, na mbao nyingi zilizoezekea nyumba yake zimepasuliwa huko huko. Tena vijana wetu wa Unguja na Pemba waliovuka bahari kwenda Kariakoo wamesimama ubavuni mwa vijana wa Njombe, wakiitafuta riziki ile ile katika njia ile ile. Bei ya nguvu za kijana wa Njombe ikishuka, ya kijana wetu haiwezi kubaki juu. Wazee wamesema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walakini mzigo huu si wa mwenzetu peke yake.

Kwanza tuutazame mji wenyewe. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 273,000. Mwaka 2012 mkoa huo ulihesabiwa watu 4,364,541, na mwaka 2022 wakafika 5,383,728. Katika muda wa miaka 10 wameongezeka watu zaidi ya milioni 1, na hao milioni 1 pekee wawazidi watu wote wa Mkoa wa Njombe, ambao mwaka huo wa 2022 walihesabiwa 889,946. Je, kazi nazo zimeongezeka kwa kipimo hicho? Mwenye shaka na akumbuke mwezi wa Juni 2014, Idara ya Uhamiaji ilipowaita watu katika Uwanja wa Taifa kwa ajili ya nafasi 70, wakaitwa zaidi ya 10,000. Na akumbuke mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, wakaomba watu zaidi ya 135,000. Hao ni wenye vyeti. Asiye na cheti hajaingia hata katika hesabu hiyo.

Aliyekosa nafasi hizo hakai akalala. Huendesha pikipiki ya mtu, akampelekea mwenyewe hesabu kila jioni kabla ya kuhesabu chake. Humsaidia fundi kubeba zege. Hutembeza mitumba na vyombo vya plastiki juani. Dada yake hupika wali na maharage kandokando ya njia, akaitwa mama lishe. Kazi hizi hatuzidharau, na wazifanyao ni watu wenye heshima zao. Lakini ni riziki ya kutwa. Mtu akiugua siku 3, nyumba nzima imelala na njaa siku 3.

Sisi wenye maduka twaijua kanuni moja ambayo haihitaji chuo kikuu. Bidhaa ikijaa sokoni na wanunuzi wakawa wachache, bei huanguka, hata bidhaa ikiwa nzuri namna gani. Nguvu za mwanadamu zikishapelekwa sokoni, kanuni ni hiyo hiyo. Kila alfajiri mabasi kutoka bara huteremsha watu katika kituo cha Mbezi, kilichofunguliwa mwaka 2021, na kila anayeteremka na begi lake kuja kutafuta kazi humshusha bei yule aliyeteremka jana. Tajiri hana haja ya kupandisha ujira, maana akikataa huyu yuko mwingine mlangoni. Basi swali la haki si kwa nini vijana hawana kazi mjini. Swali ni hili: ni kitu gani huko watokako kinachowapandisha katika mabasi hayo?

Ili tujibu swali hilo, twende Njombe. Kijana wa Njombe hakuanza jana kuondoka kwao. Alifundishwa kuondoka. Wakati wa Mwingereza kodi ya kichwa ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha haikuwapo kijijini; ilikuwako katika mashamba ya katani ya Tanga. Wenye mashamba hayo wakaunda afisi yao ya kuandika watu mwaka 1944, na milima ya Njombe ikawa ghala la wafanya kazi. Wakachukuliwa wakiitwa manamba, kila mtu kwa nambari yake. Mashamba ya chai ya Mufindi nayo yakachukua wake. Mwaka 1949 likaja shirika la maendeleo la Waingereza likapanda miwati Njombe, ili magome yake yatolewe dawa ya kutengenezea ngozi. Ngozi zenyewe na viatu vyake vilitengenezwa kwingine. Huo ndio mfano uliowekwa tangu mwanzo: mlima utoe mti na utoe mtu, na faida ifanywe mbali.

Serikali ya uhuru ilijenga njia, na kwa hilo twaishukuru, maana mwenye haki hanyimi sifa palipo na sifa. Reli ya TAZARA ilijengwa kuanzia mwaka 1970 na ikakabidhiwa mwaka 1976, ikapita Makambako. Barabara kuu iendayo Zambia yapita Makambako. Katika miaka ya 1980 ikajengwa barabara ya lami kutoka Makambako kupita Njombe mpaka Songea. Kwa hiyo mji huu mdogo, ulio kiasi cha kilomita 60 kutoka Njombe, ukawa njia panda ambayo miji mingi ya Afrika ingeitamani: reli, lami ya kwendea bandarini, lami ya kwendea mpakani, na lami ya kwendea Ruvuma.

Lakini tutazame nini kinapita katika njia panda hiyo. Yateremka magari yamejaa mbatata, mahindi, maharage, mbao, na siku hizi parachichi. Yapanda magari yamejaa sabuni, nguo, mabati, misumari na biskuti. Kinachoteremka ni kibichi, kinachopanda kimetengenezwa. Na katika basi linalofuata nyuma ya lori la mbatata, ameketi kijana aliyezilima. Gunia lake limetangulia, naye analifuata, kwenda kulibeba kwa ujira katika soko la Dar es Salaam lile lile alilokuwa nalo shambani kama mwenye mali.

Je, kwa nini mwenye mali akubali kuwa kuli wa mali yake? Hapa yatupasa kusema juu ya lumbesa. Msomaji asiyeijua na aelewe hivi: gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha juu yake hushonewa wavu au kipande cha gunia jingine, na huko nako hujazwa, mpaka gunia likawa na kichwa na shingo. Mnunuzi hulipa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo yakataza, Wakala wa Vipimo amepewa kazi ya kusimamia, na wakubwa wa kila serikali wamelikemea jambo hili mara nyingi. Na bado lumbesa yaonekana njiani mchana kweupe.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Mkulima ameuza magunia 10, na kila gunia limezidishwa kilo 30 juu ya kilo 100. Amempa mnunuzi kilo 300 bure, yaani magunia 3 kamili. Hayo magunia 3 ndiyo yangekuwa mbolea ya msimu ujao, ada na sare za mtoto, na bati la nyumba. Sisi tuliosoma chuoni twajua kwamba imeteremshwa sura nzima yenye jina la wale wapunjao vipimo, nasi tumeihifadhi tangu utoto kwa kuwa imo katika juzuu ya mwisho. Dhambi hii si ndogo, wala si jambo la mkulima na dalali peke yao. Kijana aonaye baba yake akipunjwa msimu huu, na ujao, na ule wa tatu, hahitaji mtu wa kumshawishi aende mjini. Amekwisha kushawishika. Hakulikimbia jembe, amekimbia mizani isiyokuwapo.

Iko bidhaa nyingine iteremkayo kutoka milima hiyo ambayo ulimi waona haya kuitaja kuwa ni bidhaa, nayo ni watoto wa kike. Dar es Salaam, na hata hapa kwetu mjini, mtu akitaka msichana wa kazi za nyumbani huambiwa atafutiwe wa Iringa au Njombe, kana kwamba ataja mchele wa Mbeya. Hutumwa nauli, huletwa na jamaa au dalali, na aghalabu hakuna karatasi iliyotiwa saini. Na wako wanaoletwa wakiwa wadogo kuliko miaka 14, ambayo ndiyo sheria ya kazi ya mwaka 2004 imeiweka kuwa mpaka.

Kwa nini Njombe? Yako mengi, lakini moja halisemwi kwa sauti. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2011 na 2012 uliikuta Njombe na maambukizo ya ukimwi ya asilimia 14.8, ya juu kuliko mikoa yote, na uchunguzi wa mwaka 2022 na 2023 ukaikuta bado ni ya kwanza, kwa asilimia 12.7. Maradhi hayo yamewaacha mabibi wakilea wajukuu. Bibi mwenye wajukuu 5 na shamba linalouzwa kwa lumbesa, akijiwa na mtu wa mjini mwenye maneno matamu, atamnyima mtoto kwa hoja gani?

Na ujira wenyewe ni upi? Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka shilingi 40,000 kwa mwezi kwa mfanya kazi wa nyumbani alalaye kwa mwajiri wake wa kawaida. Mpaka amri ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika Januari 2023, ikafikishwa 60,000. Viwango vya mishahara vilitazamwa tena mwaka 2025, nasi hatupingi kheri hiyo. Lakini amri ya mshahara yafaa kitu gani kwa mtoto asiyejua kuwa ipo, aliyefungiwa ndani ya ua, na ambaye ujira wake wawekwa na bibi wa nyumba mpaka siku ya kuondoka? Kiko chama cha wafanya kazi, CHODAWU, chenye jukumu la kuwatetea watu wa mahoteli na wa majumbani. Chama hakina njia ya kumtetea mtu asiyeandikwa popote.

Sasa tutazame dawa ambazo mji umezijaribu, maana ugonjwa huu haukukosa waganga. Mwaka 1944 Waingereza walitunga sheria ya kuwaondoa mijini wenyeji wasiotakiwa. Wakakamatwa, wakarudishwa makwao, wakarejea tena. Mwaka 1983 ikatungwa sheria ya Nguvu Kazi. Wasio na kazi wakakusanywa Dar es Salaam, wakapakiwa magarini, wakapelekwa vijijini na mashambani, na wengi wakarejea tena. Desemba 2018 wachuuzi wakauziwa vitambulisho kwa shilingi 20,000 kila kimoja, wakaambiwa wasibughudhiwe. Mwezi wa Oktoba 2021 wakaambiwa waondoke kandokando ya njia, na meza zao zikavunjwa. Julai 2025 ikatoka amri ya kuwakataza wageni biashara 15 ndogo ndogo. Katika amri hiyo iko haki, kwani mwenye nchi hapendi kusukumwa kando katika kibanda cha simu. Lakini amri imemwondoa mshindani mmoja mbele ya meza. Haikumwongeza mnunuzi hata mmoja.

Serikali 3 zimepita juu ya jambo hili, na fikira imebaki moja: kwamba kijana ni uchafu ulioletwa na upepo, ufagiwe urudi ulikotoka. Hakuna aliyeuliza upepo wavuma kutoka wapi.

Tutaambiwa kwamba mji wenyewe utazaa kazi, maana imejengwa reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria mpaka Morogoro Juni 2024 na mpaka Dodoma mwaka huo huo, na bandari imepanuliwa ikapewa waendeshaji wapya mwaka 2023. Twajibu kwa adabu. Kazi ya kujenga humalizika siku jengo limalizikapo, na kibarua hurudi barazani. Ama bandari, wazee wetu waijua. Septemba 1947 makuli wa Dar es Salaam walipoweka chini mizigo, mgomo ulienea kwa njia ya reli mpaka bara, na mwaka uliofuata makuli wa Unguja nao wakausimamisha mji wetu. Waliweza kwa kuwa meli haikuteremshwa illa kwa mabega ya watu. Leo sanduku moja la chuma huinuliwa na mtambo mmoja. Bandari yaweza kupitisha mzigo mara mbili bila ya kuongeza mabega mara mbili. Kariakoo yenyewe ilipata jina lake kutokana na jeshi la wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia. Zama za kuishi kwa bega zinakwisha, na wanaosongamana katika mji wa mabega wazidi kuwa wengi.

Basi dawa ni ipi? Twaiweka katika mambo manne, wala hayahitaji miujiza.

La kwanza ni mizani. Katika kila soko na kila kituo cha kupakilia, tangu Uwemba mpaka Makambako, iwekwe mizani ya serikali, na pasipakiwe gunia lisilopimwa. Lori lenye lumbesa lisimamishwe mahali palipo na vizuizi vya njiani, ambavyo twajua ni vingi, na mwenye kuadhibiwa awe mnunuzi na mwenye lori, si mkulima. Hili halitaki mkopo kutoka ng'ambo. Lataka nia tu.

La pili ni kiwanda katika njia panda. Mbatata ikikatwa, ikikaushwa, ikisagwa au ikihifadhiwa katika ghala la baridi pale Makambako, kazi ya kukata, kupaki na kupakia imebaki Makambako. Mbao zikirandwa na kuundwa milango huko huko, seremala amebaki huko huko. Parachichi ambayo China ilikubali mwaka 2022 kuinunua kutoka kwetu, na ambayo Ulaya na India zainunua, ikichaguliwa na kupakiwa kwa jina letu karibu na shamba, msichana wa Njombe amepata kazi ya mshahara bila ya kulala jikoni kwa mtu.

La tatu ni chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma, wilayani Ludewa, katika mkoa huo huo wa Njombe. Mkataba ulitiwa saini mwaka 2011 na kampuni ya Kichina, ikatajwa mitaji ya mabilioni ya dola. Kijana aliyezaliwa mwaka ule sasa amefika umri wa skuli ya sekondari, na chuma bado kimo mlimani. Kama mkataba ulikuwa mbovu, uvunjwe mbele ya wananchi. Kama ulikuwa mzuri, utekelezwe. Kimya si siasa ya uchumi.

La nne ni mkataba wa mtoto wa watu. Asiondoke msichana kijijini kwenda kazi za nyumbani illa awe ametimiza umri, ameandikwa kwa mtendaji wa kijiji, na karatasi imetaja jina la mwajiri, mtaa wake na mshahara wake. Nakala moja ibaki kwa mzazi au bibi. Mshahara utumwe kwa simu kwa jina la msichana mwenyewe, maana siku hizi kila kijiji kina wakala wa fedha za simu. Na sisi wenye nyumba, wa Dar es Salaam na wa visiwani, tusingoje polisi watufundishe kulipa ujira kabla ya jasho kukauka.

Atasema mtu kwamba hata mambo hayo yakifanywa, vijana bado wataipenda Dar es Salaam, maana penye urembo ndipo penye urimbo. Twakubali. Mji utavuta watu daima, na mtu huru ana haki ya kwenda atakako katika nchi yake. Hatutaki kizuizi wala kipande. Lakini iko tofauti kubwa baina ya mtu aendaye mjini kwa khiari, mwenye nauli ya kurudia na shamba lenye thamani nyuma yake, na mtu aendaye kwa kuwa nyuma yake hamna kitu. Yule wa kwanza akipewa ujira mbovu atasema, “Naondoka.” Wa pili atasema, “Ahsante, bwana.” Siku watakapokuwa wengi wa namna ya kwanza, tajiri wa Dar es Salaam atalazimika kupandisha ujira, na utapanda kwa kijana wa Njombe, na kwa kijana wa Lindi, na kwa kijana wetu wa Pemba aliye katika ghorofa za Kariakoo.

Kwa hiyo twawaambia wasomaji wetu: mkubwa yeyote atakayesimama jukwaani, wa chama chochote awaye, akaahidi kazi kwa vijana wa mjini, msimpigie makofi upesi. Mwulizeni kwanza gunia la Makambako litapimwa lini, na nani atakayelipima.